Jibu: Mimi na yaya (dada yangu mkubwa) tulitibiwa kiwewe pamoja, nikapona mimi

Dada uliyeuliza kwa nini mwenzako alimaliza tiba na sasa analala vizuri, nawe bado unaruka mlango ukibamizwa: usijione mgonjwa sugu. Niko Goma, nikusimulie yetu.

Tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbia usiku mimi na yaya tukielekea mpaka wa Gisenyi, Rwanda. Katika msongamano mkono wa mtoto wake ukamponyoka. Tulimpata siku ya tatu, mzima.

Mimi nilibaki na hofu. Anga likiwa jekundu juu ya mlima, jasho linanitoka. Tukaenda kwa mwanasaikolojia mmoja. Anatandaza kamba chini, ndiyo maisha yako: jema unaliwekea ua, baya unaliwekea jiwe, kisha unasimulia jiwe moja moja, polepole, mpaka mwili ukubali kwamba yalikwisha. (Mawe hatukuyatafuta mbali, uani kwetu ni makoro matupu, yaani mawe ya volkano.) Kamba yangu ilikuwa na mawe mawili. Ya yaya ilijaa, maana yeye alishaona vita vya Masisi na mlipuko wa Nyiragongo wa 2002. Mawe yakiwa mengi, kazi nayo huwa ndefu.

Lakini si hesabu ya mawe tu. Yaya alisimulia bila chozi, kama anayesoma habari za jirani. Nikadhani ndiye anayepona. Kumbe akili yake haikuwepo pale. Tena kilichomkaba hakikuwa hofu, kilikuwa "mimi ni mama gani wa kuachia mtoto?" Hofu ukiirudia hupoa. Lawama ukiirudia tu bila kuihoji inaweza kuzidi kuota mizizi.

Alianza kupata nafuu kwenye kikundi cha wanawake kinachoongozwa na APS (msaidizi wa kisaikolojia na kijamii), ambako fikra yenyewe ndiyo inayohojiwa. Tiba ya namna hiyo ilipimwa katika vijiji vya Kivu, matokeo yakachapishwa 2013: miezi sita baada ya tiba, wanawake wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwa waliopata tiba hiyo ya kikundi, na asilimia 42 kwa waliosaidiwa mmoja mmoja bila tiba hiyo. Angalia hiyo 9. Hata penye tiba nzuri wapo wanaobaki.

Halafu Januari 2025 vita vikaingia mjini, yaya akarudi nyuma. Siiti kushindwa. Risasi zilikuwa za kweli.

Wewe kwenye mazungumzo yenu mmewahi kugusa aibu au lawama, au ni hofu tu? Kama hapa ni hadharani mno, niandikie pembeni.