Tangazo lililopendwa, sigara isiyonunuliwa

Kazi yangu ni kutengeneza matangazo ya biashara ndogondogo: ya redio, mabango ya dukani, na siku hizi zaidi video fupi za kwenye simu. Mteja aking'ang'ania kwamba anataka tangazo "litakaloongelewa mji mzima", huwa namsimulia habari ya Strand.

Strand ilikuwa sigara ya kampuni ya Wills ya Bristol, Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1959. Televisheni ya matangazo ya biashara huko ilikuwa bado changa, maana ITV, kituo cha kwanza cha aina hiyo, ilianza 1955, na wenye sigara walikuwa wanajitangaza watakavyo. Kazi ilipewa wakala wa matangazo S. H. Benson, na John May akaja na wazo la kuwauzia vijana upweke wenye mvuto, ule wa mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra.

Tangazo lenyewe lilipikwa likapikika. Usiku wa London, barabara tupu, lami imelowa mvua. Mwigizaji Terence Brooks kavaa koti la mvua na kofia. Ukimtupia jicho haraka utasema ndiye Sinatra. Anawasha sigara, anavuta taratibu, mawazo yake yako mbali. Muziki wa Cliff Adams unapita chinichini, kisha inakuja sauti: ukiwa na Strand, hauko peke yako.

Watu walilipenda kwelikweli. Walianza kuulizia ule muziki, hadi ukarekodiwa kwenye santuri na kuingia kwenye chati za Uingereza mwaka 1960. Yaani tangazo la sigara liliuza santuri! Sigara yenyewe ilidoda. Tangazo likaondolewa, na haukupita muda mrefu Strand nayo ikatoweka madukani. (Mimi simwonei mtu huruma hapo. Mwaka 1962 madaktari wa Royal College of Physicians walitoa ripoti yao kuhusu madhara ya sigara, na Agosti 1965 matangazo ya sigara yakapigwa marufuku kwenye televisheni ya Uingereza.)

Kilichoiponza ni kwamba pakiti ya sigara ilikuwa kitu cha kutolewa mbele za watu. Unaifungua, unamkaribisha mwenzako. Sasa ukitoa Strand baa, umejitangaza kuwa ndiye yule bwana asiye na rafiki, anayezurura usiku kwenye mvua. Mtazamaji alimhurumia, akampenda, ila hakutaka kufananishwa naye.

Wengi husema somo ni kutomwonyesha mteja akiwa na shida. Sikubaliani. Angalia Hamlet, sigara nene za cigar zilizotangazwa kwa miaka mingi na wakala Collett Dickenson Pearce, zikisindikizwa na muziki wa Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani. Kwenye tangazo moja, bwana mwenye upara amejifungia kwenye kibanda cha picha za pasipoti. Anapanga vinywele vyake vichache, anatengeneza tabasamu, mwanga unapiga akiwa hajawa tayari. Mwisho kiti kinashuka, anapotea kabisa, unaona moshi tu ukipanda. Huyo naye yuko peke yake na mambo yamemharibikia, lakini ni mkosi wa dakika mbili unaoweza kumkuta yeyote. Unacheka, na kumfanana hakukuaibishi. Yule wa Strand upweke ndiyo hali yake, jana na kesho.

Kuna mteja wangu wa duka la nguo aliyetaka mifuko yake iandikwe "Duka la wenye kipato cha chini". Nia ilikuwa njema, na bei zake kweli zilikuwa nafuu. Nikamwambia: mfuko huo mtu ataupitisha mtaani, atapanda nao daladala, majirani watausoma. Nani atakubali kuubeba? Tuliandika jina la duka na "Bei utaipenda", basi.

Kwa hiyo ukitengenezewa tangazo, usiwaulize watu kama wamelipenda. Watasema ndiyo, na huenda wanasema kweli. Hata Strand ilipendwa. Waulize hivi: "Anayenunua hiki ni mtu wa namna gani?" Halafu nyamaza, waache waeleze. Wakikutajia mtu ambaye wao wenyewe wasingependa kuitwa, rudi ukaandike upya kabla hujalipia redio. Na usiwaulize wafanyakazi wako. Wao watakusifia tu.