Maswali ya Gari: Taa hafifu na betri isiyojaa

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Hiace ya mwaka 1997, injini ya dizeli 3L. Nabeba zabibu kutoka Mpunguzi kuingia Dodoma mjini. Natoka saa kumi alfajiri, na barabarani kuna ng'ombe na baiskeli zisizo na taa, lakini taa zangu ni za njano kama kibatari. Nimenunua kipimo cha volti nikapata hivi. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, betri inasoma 11.9. Injini ikinguruma bila taa, 13.1. Nikiwasha taa na feni, inashuka hadi 12.4. Nyuma ya soketi ya balbu, balbu ikiwaka, napata 10.9 tu. Betri ina miezi saba. Fundi mmoja anasema niweke balbu za wati 100, mwingine anasema betri imekufa. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mpunguzi

JIBU: Salama, ndugu. Usimsikilize yeyote kati yao kwa sasa. Namba zako zinaonyesha matatizo mawili, na kila moja lina tiba yake. La kwanza ni chaji: betri inayopata 12.4 injini ikiwaka hailishwi, inaliwa. La pili ni njia: kutoka betri hadi balbu unapoteza volti 1.5 kwenye nyaya na swichi za tangu 1997. Anza na chaji, maana waya mpya hauwezi kupeleka umeme ambao haupo.

Balbu za wati 100 ziache dukani. Balbu yako ya H4 ya wati 60/55 si dhaifu, ina njaa. Mwanga wa balbu ya waya hushuka upesi kuliko volti: iliyotengenezwa kupimwa kwa volti 13.2, ukiipa 10.9 inatoa nusu tu ya mwanga wake. Mbili za wati 100 zitavuta zaidi ya ampea 14 kupitia swichi ileile iliyochoka. Volti zitashuka zaidi, soketi itayeyuka, na baada ya muda kioo cha ndani cha taa kitababuka.

Sasa alteneta, mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri. Washa injini, ipandishe kidogo hadi mizunguko kama 1,500, washa taa zote na feni. Weka ncha moja ya kipimo kwenye nati kubwa ya alteneta unapotoka waya mnene, na nyingine kwenye nguzo yenyewe ya chanya ya betri, si kwenye klampu. Hapo unasoma volti zinazopotea njiani. Zikizidi 0.3, waya huo au viungio vyake vimeoza. Rudia upande wa hasi, kutoka mwili wa alteneta hadi nguzo ya hasi: zikizidi 0.2, ethi ya injini (waya wake wa hasi) ni mbovu. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza. Mara nyingi kazi huishia hapo, bila kununua kitu.

Ikiwa nati ya alteneta yenyewe inasoma 12.5, tatizo liko kwenye alteneta au mkanda wake. Endesha dakika kumi taa zikiwaka, zima, kisha sogeza kiganja karibu na puli. Puli yenye joto kali kuliko mwenzake inateleza. Mkanda uliong'aa kama kioo pembeni hauokolewi kwa kukazwa, badilisha.

Kwenye injini yako kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita. Nyuma ya alteneta ya 3L imefungwa pampu ya vakyumu ya breki, na pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya alteneta, inachanganyika na vumbi letu na unga wa kaboni, na kuwa tope jeusi. Brashi, vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya alteneta, haziwezi kugusa sawasawa, chaji inashuka hasa ukiwasha taa. Pitisha kidole chini ya alteneta. Kikitoka na tope la mafuta, mwambie fundi abadilishe sili kwanza, ndipo aweke brashi mpya. Akiweka brashi peke yake, mtarudi palepale. Breki ikianza kuwa ngumu pia, usisubiri.

Tengeneza hadi betri isome kati ya 13.8 na 14.4 taa zikiwa zimewaka. Betri usiitupe bado. Ipeleke ikachajiwe taratibu usiku kucha, iache saa kadhaa, kisha pima. Ikitulia kwenye 12.6 na isishuke chini ya 9.6 unapopiga stata, ni nzima. Ikitulia karibu na 10.5 hata baada ya chaji, chumba kimoja kimekufa. Joto la Dodoma hukausha maji ya betri upesi, kwa hiyo angalia kila wiki mbili na uongeze maji safi ya betri (distilled water). Maji ya bomba hapa hutoka visima vya Makutupora na yana chumvi za ardhini. Hizo huharibu sahani za ndani. Asidi usiongeze.

Chaji ikipona peke yake utafikia kama volti 12.5 kwenye balbu. Relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme mdogo na kupitisha umeme mkubwa moja kwa moja kutoka betri, ndizo zitakazoleta zilizobaki. Nunua relei mbili za volti 12, ampea 30 au 40, zenye miguu minne na zisizo na dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani. Fyuzi mbili za ampea 15 na vishikio vyake. Soketi mbili za H4 za kauri. Waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri hadi relei, na wa 2.5 kwenda kwenye taa na ethi. Uwe waya wa nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko, na hukatikia ndani ambako huoni.

Angalizo kubwa: kwenye Toyota nyingi za zamani swichi hukata upande wa hasi, si chanya. Fundi akifunga kwa mazoea ya magari mengine, taa hazitawaka au hazitazima. Njia salama ni hii. Chomoa soketi ya zamani ya upande mmoja. Mguu 86 wa relei zote mbili uende kwenye tundu la pamoja la soketi hiyo. Mguu 85 wa relei ya kwanza uende tundu la dimu (mwanga wa karibu), na wa relei ya pili tundu la fulu (mwanga wa mbali). Hivyo relei itafanya kazi swichi ikikata upande wowote. Mguu 30 wa kila relei upokee chanya kupitia fyuzi yake, iliyowekwa si zaidi ya sentimita 20 kutoka betri. Miguu 87 ipeleke umeme kwenye taa zote mbili. Fyuzi ni mbili makusudi: dimu ikifa usiku, fulu inabaki.

Kulijua tundu la pamoja, gusisha miguu ya balbu kwenye betri, miwili miwili. Jozi mbili zitawasha waya mmoja kwa nguvu. Jozi ya tatu itawasha nyaya zote mbili kwa mwanga hafifu. Mguu uliobaki nje ya jozi hiyo ndio wa pamoja. Shika balbu kwenye chuma, usiguse kioo.

Funga relei miguu ikitazama chini, maji yasikae. Soketi ya zamani isiyotumika izibwe kwa tepu. Kisha pima tena: kati ya betri na balbu isipotee zaidi ya volti 0.5. Mwisho, elekeza taa gari likiwa limepakia makreti kama kawaida yako, maana mzigo wa nyuma huinua pua. Ukiwa mita 10 kutoka ukutani, ukingo wa dimu uwe sentimita 10 chini ya urefu wa taa.

SWALI: Alteneta yangu inatoa 14.2, lakini gari likilala siku mbili haliwaki. Pia fundi alichomoa kichwa cha betri injini ikinguruma ili kupima chaji. Ni sawa?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Si sawa kabisa. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa ghafla zinaruka na kuunguza regyuleta (kidhibiti volti) au dayodi za alteneta. Asirudie. Kuhusu umeme unaovuja, zima kila kitu, chomoa hasi ya betri, weka kipimo kwenye ampea 10 kati ya nguzo na klampu. Usipige stata kikiwa hapo. Kawaida isizidi miliampea 50. Ikizidi, toa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Anza na ya redio na ya alamu. Fyuzi zote zikiisha namba haijashuka, chomoa waya mnene wa alteneta na ufunge ncha yake kwa tepu isiguse bodi. Namba ikianguka hapo, dayodi imetoboka.