Kitenzi cha Kiingereza "climb" (kupanda) kwa waongoza wageni wa Moshi

Kaka, umeuliza kwa nini mgeni alikusahihisha uliposema "I did not climbed". Ni kwa sababu "did" tayari imebeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinarudi kwenye umbo lake tupu: "I did not climb". Swali nalo ni hivyohivyo: "Did you climb Mawenzi?" (kile kilele cha Kilimanjaro)

Maumbo yenyewe ni manne tu: climb, climbs, climbed, climbing. Kila siku: I climb, lakini he climbs, hiyo "s" ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kesho: I will climb. Sasa hivi: I am climbing.

Penye mtego hasa ni "-me-" yetu, ambayo kwa Kiingereza mara nyingi huwa "have": nimepanda, "I have climbed". Kwetu "nimepanda jana" haina tatizo. Kwa Kiingereza, ukishataja muda uliokwisha, "have" inaondoka: "I climbed yesterday". Bila kutaja muda, sema "I have climbed Kilimanjaro 20 times", maana hesabu bado inaendelea. Mkiwa Horombo, kambi inayofuata baada ya Mandara mkipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mgeni akiuliza mlikotoka, mjibu: "We started from Mandara this morning."

Matamshi nayo: "b" haisikiki kabisa. Climb ni "klaim", climbed ni "klaimd", silabi moja, usiseme "klaimbedi". Silabi ya ziada huja pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d, kama started, "staatid". Walked ni "wookt", mwisho t.