Fremu ya kaboni ya bei rahisi mtandaoni: soma haya kabla hujatuma pesa

Ujumbe wa aina moja hunifikia kila mara kwenye WhatsApp: picha ya fremu nyeusi ya baiskeli, inayong'aa na yenye jina la kampuni kubwa, bei, halafu swali, "Dada, hii nichukue?" Bei huwa kati ya shilingi elfu hamsini na elfu tisini, na usafiri hadi Nairobi ukiwa ndani. Anayeuliza anajua vizuri kwamba fremu yenye jina hilo ikiwa halisi, tuseme Pinarello Dogma, inazidi dola 5,000 kabla hujaifunga hata gurudumu moja. Anachotafuta kwangu ni baraka tu. Simpi.

Hamu yenyewe naielewa. Chris Froome alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1985, akafundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, na miaka yote hiyo timu yake ilikuwa ikiendesha Pinarello. Kijana anayepanda Limuru Road Jumamosi asubuhi akiona jina lile kwenye bomba la chini, moyo unamdunda. Wauzaji wa bidhaa feki wanaujua moyo huo kuliko sisi tunavyoujua wenyewe. Ndiyo maana hawaigi fremu za watu wasiojulikana.

Sasa tuingie ndani ya bomba, maana hapo ndipo pesa zilipo. Fremu ya kaboni hutengenezwa kwa vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyokwisha kulowekwa gundi ya epoksi. Vinakatwa vipande, mamia ya vipande kwa fremu moja, vinapangwa tabaka juu ya tabaka, vinawekwa kwenye kalibu, halafu vinapikwa kwa joto huku mfuko wa hewa ukivisukuma kutoka ndani ili gundi ya ziada itoke na tabaka zishikane. Nyuzi zina nguvu upande mmoja tu. Chukua kanga: ivute kwa urefu wake, haiendi popote, ivute pembe kwa pembe, inalegea mikononi. Kwa hiyo mhandisi huamua tabaka ipi ilale kwa urefu wa bomba, ipi ikae kwa pembe ya digrii 45 ili kuzuia kujipinda, na wapi paongezwe tabaka, hasa kwenye shingo ya mbele na kwenye tundu linalobeba ekseli ya pedali. Mpangilio huo ndio fremu. Umbo la nje ni ganda tu.

Na ganda ndilo pekee anachoweza kuiga mwizi wa jina. Anapima umbo, anatengeneza kalibu, anapaka rangi ile ile. Mpangilio wa ndani hana, na hata angekuwa nao hana sababu ya kuutumia, kwa sababu mnunuzi hauoni. Kila shilingi anayoiweka ndani imepotea. Kila shilingi anayoiweka kwenye rangi inamrudia.

Niliwahi kusimama kwenye karakana moja Kawangware fundi akikata kwa msumeno foki, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, iliyokuwa imevunjika. Mwenyewe alikuwa ameruhusu. Hakutaka tena kuiona. Nje, mkeka wa kaboni ulikuwa umepangika vizuri, miraba midogo kama iliyochorwa kwa rula. Ndani, ukuta wa bomba ulikuwa na mikunjo, unene wake haulingani, upande mmoja mwembamba kupita kiasi. Palepale shingo inapokutana na miguu ya foki palikuwa na donge la gundi iliyoganda, halina uzi hata mmoja, na kipande cha nailoni ya ule mfuko wa hewa kimenasa humo. Fundi alilibonyeza donge lile kwa ncha ya bisibisi, likamomonyoka. "Hapa ndipo uzito wote wa mtu unaposhukia," akasema, akafuta mikono, akaendelea na kazi yake.

Mwenye foki hiyo ni mwenzetu kwenye kundi la wikendi. Alikuwa anashuka kuelekea Kiserian, akakutana na tuta lisilopakwa rangi, la aina tunayoijua sote. Hakwenda kasi ya ajabu. Foki ikakatika, akavunjika mtulinga. Tuta lile lile sisi wengine tulilipita, tukalaani na kuendelea.

Hapo kuna jambo ambalo waliozoea black mamba, zile baiskeli nzito za chuma, hawalitarajii. Chuma kikichoka hupinda, hulia, huonyesha ufa, kinakupa muda wa kushuka. Kaboni iliyotengenezwa vibaya haina adabu hiyo. Inabeba, inabeba, halafu inakatika yote kwa pamoja. Ni kweli hata fremu halisi huvunjika ukiigonga, sitaki kukudanganya. Lakini halisi imepimwa kabla haijakufikia. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka fremu ivumilie mikandamizo 100,000 ya pedali kwenye mashine bila kupata ufa, na kuna jaribio jingine la kuangushiwa uzito ili kuona itakavyovumilia kishindo cha mbele. Muulize muuzaji wa fremu feki swali moja tu: cheti cha majaribio hayo kiko wapi? Utatumiwa emoji.

Usitulizwe pia na kibandiko cha UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli. Tangu Januari 2011 fremu na foki mpya za mashindano ya barabarani zinapaswa kuidhinishwa na shirikisho hilo na kubandikwa alama yenye msimbo. Alama ni karatasi. Anayeiga jina zima la kampuni hashindwi kuiga karatasi. Zaidi ya hayo, idhini ile inahusu hasa umbo na vipimo vya kanuni za mashindano. Si dhamana kwamba fremu haitavunjika.

Rimu za kaboni za bei hiyo hiyo zinanitisha kuliko fremu, hasa zile za breki za kubana rimu. Ukiteremka kutoka Corner Baridi kuelekea Olepolos, au ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu nyuma ya lori, unashika breki kwa muda mrefu. Msuguano unapasha rimu joto. Gundi ya epoksi ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia inaanza kulainika, na gundi ya bei nafuu inakifikia mapema. Rimu inavimba, ukingo unafunguka, tairi linaruka. Kama moyo wako umeshikilia rimu za kaboni, basi ziwe za baiskeli ya breki za diski, ambako joto linakwenda kwenye diski.

Kuna hoja moja huletwa na wajuaji: "Zote zinatoka China, kiwanda kimoja, hii imepitia mlango wa nyuma." Nusu yake ni kweli. Fremu nyingi za kaboni duniani, za majina makubwa zikiwemo, hutengenezwa China na Taiwan, na mafundi wa huko ni hodari. Giant na Merida ni kampuni za Taiwan na zina viwanda vyao wenyewe. Lakini kutoka nchi moja si kutoka mkono mmoja. Kuna watengenezaji wa China wanaouza fremu kwa jina lao wenyewe, bila kuiba la mtu, wenye matokeo ya majaribio wanayoyaonyesha na dhamana wanayoitimiza. Hao si feki hata kidogo, na kama huwezi kulala bila kaboni, anzia kwao. Mtu aliyeandika jina lake kwenye fremu ana kitu cha kupoteza ikivunjika. Aliyeandika jina la mwingine hana.

Namna ya kumtambua huyo wa pili? Kwenye tangazo picha haina nembo, au nembo imefunikwa, na maelezo yanasema umtumie ujumbe uchague "muundo". Maoni ya wateja yana nyota tano, yote yameandikwa siku mzigo ulipofika, yakisifu jinsi ulivyofungwa. (Sifa za katoni! Hakuna aliyewahi kuendesha katoni.) Namba ya fremu ikitumwa kwa kampuni yenyewe, haitambuliki. Na bei, bila shaka: hakuna anayeuza Dogma mpya kwa thamani ya mbuzi wachache.

Ikivunjika utamdai nani? Ulinzi wa mnunuzi kwenye masoko ya mtandaoni huisha wiki chache baada ya mzigo kufika, na fremu huchoka baada ya miezi. Mwenzetu wa foki aliombwa video, akatuma. Akaombwa picha za risiti, akatuma. Mwishoni akapewa ofa ya dola 20 na ombi la kutoandika maoni mabaya. Kuirudisha China kungemgharimu kuliko alichodai. Mpakani nako kuna lake. Muuzaji huandika kwenye mzigo kwamba ni vifaa vya michezo vya thamani ndogo. KRA, mamlaka yetu ya mapato, wakishuku thamani hiyo, wa kujibu ni wewe, na VAT ya asilimia 16 itapigwa kwa thamani wanayoikubali wao. Tena, sheria yetu ya bidhaa ghushi ya mwaka 2008 inawapa maafisa uwezo wa kukamata mzigo wa aina hii.

Basi ufanye nini na hizo elfu themanini? Nunua alumini. Mitumba ya kutoka Ulaya inayofika Nairobi ina baiskeli za alumini za barabarani nzuri kabisa, na kwa pesa hizo mara nyingi unapata baiskeli nzima inayotembea, si fremu inayosubiri vifaa vingine vya laki moja. Kagua maungio ya kulehemu kwa tochi, hasa nyuma ya shingo ya mbele na chini ya ekseli ya pedali. Ikiwa na ufa, iache. Alumini ya fremu si ya kulehemewa kando ya barabara, inahitaji mtambo na utaalamu wake. Chuma cha zamani kizuri nacho sikidharau. Kina uzito, ndiyo, lakini kwa wengi wetu uzito mkubwa uko juu ya siti.

Kwa kaboni ya mitumba, toa foki nje kabisa uangalie shingo yake. Muuzaji akikataa kuitoa, nenda zako. Gonga bomba polepole kwa ukingo wa sarafu ya shilingi ishirini, sentimita kwa sentimita. Mlio mkali ukigeuka ghafla kuwa mzito, huenda tabaka zimeachana hapo. Kipimo hiki hukamata baadhi ya kasoro tu, kwa hiyo ukinyamaziwa usidhani umepewa cheti.

Kama tayari unayo feki nyumbani, usiiendeshe barabarani, hata ya kwenda dukani. Vifaa halisi vilivyofungwa juu yake, gia, breki na magurudumu, vitoe uvihamishie kwenye fremu ya alumini inayolingana navyo; mpelekee fundi vipimo kabla hujanunua. Fremu yenyewe usiiuze wala kumpa mpwa wako. Vaa barakoa, lowesha maji ili vumbi lisiruke, ikate bomba la chini na shingo ya foki kwa msumeno, ndipo uitupe, isije ikaokotwa, ikapigwa rangi na kurudi sokoni.