Sweta alilonifumia kwa mkono limegeuka la mtoto, nimfiche?

SWALI
Shangazi shikamoo. Naomba unijibu kabla Jumamosi haijafika maana naona naenda kuumbuka. Mimi na mpenzi wangu tuna mwaka na nusu, sasa mwezi uliopita siku yangu ya kuzaliwa kaniletea mfuko wa karatasi, nafungua nakuta sweta la sufu la kijivu, namuuliza umenunua wapi anacheka tu, kumbe kalifuma mwenyewe! Miezi minne alikuwa anajifunza kwa video usiku akishaniambia anaenda kulala, na mi nikimwona yuko hewani saa saba nilijua anachati na mwanamke, tuligombana sana kwa hilo. Mkono mmoja umeuzidi mwingine kidogo, na ndani ya shingo kaweka herufi ya kwanza ya jina langu kwa uzi mwekundu. Nililia shangazi.

Sasa wiki iliyopita nikalitumbukiza kwenye mashine ya kufulia pamoja na mashuka, maji ya moto. Limetoka gumu kama zulia, mikono inaishia kwenye viwiko, yaani labda avae mtoto wa darasa la kwanza. Na Jumamosi tunatoka, kaniomba nilivae. Rafiki yangu mmoja anasema nitafute fundi anifumie lingine kama lile asijue, mwingine anasema nimwambie limeibiwa kwenye kamba. Nifanyeje?

JIBU
Marahaba mwanangu. Pole, na unisamehe nilivyofika kwenye mashuka nilicheka.

La kuibiwa kwenye kamba litoe kichwani. La fundi ndo baya zaidi, maana wewe unalijua hilo sweta kwa rangi na shingo, mwenzio analijua tundu kwa tundu. Sweta la mtu mzima linabeba makumi ya maelfu ya vitundu vile na kila kimoja kimepita kwenye vidole vyake, anajua wapi alikosea akafumua akaanza upya, anajua mkono uliozidi ni wa kulia au wa kushoto. Fundi atakufumia mikono iliyo sawa, utakamatwa hapohapo mlangoni.

Ila usijione mjinga. Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo sana yaliyojipanga kama vigae vya paa. Ukichanganya maji ya moto, sabuni na ule msukosuko wa mashine, nywele zinasogea upande mmoja tu, magamba yanang'ang'aniana na hazirudi tena zilikotoka, ndo unapata hilo zulia lako. Masweta mengi ya sufu ya dukani yana lebo shingoni ya kukuonya, mengine yameshatiwa dawa yasisinyae, la kwako lebo yake ni herufi nyekundu basi, nani angekwambia? Sufu inafuliwa kwa mkono maji ya uvuguvugu, bila kusugua wala kukamua kwa kusokota, kisha inatandazwa juu ya taulo ikauke. Unaweza kulijaribu hilo kwa kuliloweka kwenye uvuguvugu na kondishena ya nywele, nusu saa hivi, halafu ulivute polepole pande zote. Likiwa limesinyaa kidogo linasogea, kwa ulivyolieleza sikupi matumaini.

Kwa hiyo mwambie, na umwambie kabla ya Jumamosi, siyo mkiwa mezani. Mwaka 2015 watafiti Fuchs, Schreier na van Osselaer walichapisha utafiti wao kwamba watu wanakiona kitu cha mkono kama kimebeba mapenzi ya aliyekitengeneza, na hapo ni vitu vya kununua tu, vya mtu usiyemjua. Wewe wako unamjua hadi saa anazolala. Akinuna siku mbili mwache anune, miezi minne siyo mchezo. Na kama kuna mtu atakuletea ile imani ya wafumaji wa ng'ambo kwamba ukimfumia mpenzi sweta kabla ya ndoa mnaachana, mwambie kwa hapa aliyeharibu ni maji ya moto.

Usilitupe, na usilikate kabla hajaliona. Sufu ikishashikana hivyo ukiikata haifumuki, inatoka foronya ya mto au kipochi kizuri tu, lakini hilo mlipange wote wawili na mkasi usiushike wewe.

Kingine, umeupita haraka sana ule ugomvi wa kuchati. Mtu yuko usiku anahangaika na sindano kwa ajili yako, wewe unamtukana kwa mwanamke ambaye hayupo, na kwenye barua yote sijaona ulipomwomba msamaha. Anza na hilo, halafu ndo utoe sweta. Lirudishe kwenye mfuko wake uleule wa karatasi kama bado unao.