Mvua ya mawe na paa lako: uliza geji kabla ya rangi

Sisi tunaoishi Fort Portal, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, tunaijua mvua ya mawe. Huja misimu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mara nyingi alasiri baada ya jua kali. Watu hulilia migomba iliyochanika, na wana haki. Paa nalo huumia, ila madhara yake huonekana baadaye, kutu inapoanza kula.

Anayejenga akiniomba ushauri, namwambia kwanza aulize geji ya bati, yaani namba ya unene wake, rangi baadaye. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni jepesi mno kwa huku kwetu. Mimi niliezeka kwa geji 28, dari ikasubiri mpaka pesa ipatikane. Mawe yamelipiga bati hilo misimu mingi. Limebonyea hapa na pale, lakini halijatoboka.

Hata hivyo, bati nene juu ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) zilizoachana sana ni kazi bure. Hubonyea katikati, misumari hulegea, na upepo unaokuja na mawe hupata pa kuingilia. Papi zisiachane zaidi ya futi tatu. Msumari uwe na mpira, upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe bondeni ambako maji hupita. Fundi akiezeka, uwepo. Misumari ni kitu cha kwanza kubaniwa.

Mvua ikishapita, usiridhike kwa kutazama ukiwa uani. Subiri jua la mchana, panda darini au ingia chumba kisicho na dari, funga mlango na madirisha, kisha inua macho. Kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga. Weka alama kwa chaki. Ukipanda juu kuziba, kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake kuna papi. Palipochubuka, sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo upake rangi ya juu. Tundu dogo lizibe kwa silikoni. Saruji usiiguse: hula bati, kisha hupasuka.

Mifereji nayo isafishe kabla ya msimu. Mawe yakichanganyika na majani ya mparachichi huziba mfereji mara moja, maji yakarudi nyuma chini ya bati mpaka darini. Tawi linaloning'inia juu ya paa likate.

Kama umeweka bati la plastiki jikoni kupata mwanga, likague kwa mkono kila mwaka. Jua hulikausha, na likishakuwa gumu na la njano, mawe ya kwanza yatalivunja. Na nyumba za zamani zenye paa la asbesto, likipasuka msilikwangue wala kulivunja wenyewe. Vumbi lake huharibu mapafu. Watoto wakae mbali, aitwe mtu anayeijua kazi hiyo.