Kuisimulia Upya Riwaya ya Mapenzi kwa Sauti ya Mwanamume

Kuiandika upya riwaya ya mapenzi kwa mtazamo wa mwanamume huonekana kazi nyepesi, kwa kuwa visa vipo, wahusika wapo na mwisho unajulikana. Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa kumpa usimulizi Fitzwilliam Darcy wa Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka London Januari 1813, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kujaribu ni kwamba asimfanye shujaa wake mshtakiwa anayejitetea. Msomaji anajua tayari kwamba Darcy ana moyo mwema. Anachokitaka ni kuingia katika fikra za bwana mwenye kipato cha pauni 10,000 kwa mwaka, aliyelelewa kuwadharau wote walio nje ya jamaa zake, na kuona jinsi kiburi chake kinavyofanana na busara kikitazamwa kutoka ndani.

Chukua ile dansi ya Meryton, mji mdogo wa riwaya hiyo. Kwa Elizabeth Bennet, binti ambaye Darcy atamwoa mwishoni, maneno ya Darcy kwamba sura ya binti huyo inavumilika lakini si nzuri kiasi cha kumvutia ni jeraha linaloendesha nusu ya riwaya. Kwa Darcy ni jibu la kumkwepa rafiki anayemsumbua acheze, na Austen hatuonyeshi popote usiku ule kwamba alitambua kuwa Elizabeth amesikia. Basi mpe mistari michache tu, bila majuto wala kigugumizi. Msomaji anayeikumbuka riwaya ya asili ataumia kwa niaba ya Elizabeth, na ataumia zaidi kwa kuwa msimulizi amepita juu ya neno lile kama vile halikusemwa.

Kabla ya kubuni chochote, kusanya kila mahali ambapo mwandishi mwenyewe amekufungulia mlango. Katika sura ya 6, kwa mfano, Austen anamwacha Elizabeth kwa muda na kutueleza kwamba Darcy, mara tu alipokwisha kuwathibitishia rafiki zake kuwa uso wa binti yule hauna uzuri, alianza kuyaona macho yake meusi kuwa yenye akili isiyo ya kawaida. Vipande vya namna hiyo ni vichache, na ndivyo vinavyokuzuia kumzua Darcy mwingine anayekupendeza wewe.

Swali lililonishughulisha kuliko yote lilikuwa hili: anasimulia lini? Riwaya yenyewe inalijibu kwa namna ya ajabu. Baada ya posa yake kukataliwa na Elizabeth huko Kent, Darcy anamwandikia barua ndefu, iliyomo katika sura ya 35, akieleza kwa nini alimtenga rafiki yake Bingley na Jane, dada yake Elizabeth, na jinsi Wickham, mtoto wa msimamizi wa mali ya marehemu baba yake, alivyojaribu kumtorosha dada yake, Georgiana, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Katika sura ya 58 anakiri kwamba alipoiandika alijiona mtulivu kabisa, ilhali baadaye aliamini kuwa aliiandika kwa uchungu mkubwa. Hao ni wasimulizi wawili tofauti. Darcy anayesimulia akiwa mume ana subira, anacheka makosa yake, na kwa maoni yangu anachosha. Darcy anayeandika siku ileile, akidhani ametulia wakati hasira inatoka katika kila sentensi, ndiye anayestahili kurasa zako. Nilimchagua huyo, nikajizuia kumpa hata chembe ya maarifa aliyoyapata baadaye.

Kisha kuna siku ambazo Elizabeth hamwoni. Lydia, mdogo wake Elizabeth, anapotoroka na Wickham kutoka Brighton, Elizabeth anamwona Darcy akitembea chumbani kimya, naye anahitimisha kuwa amempoteza. Yanayofuata London, yaani Darcy kumtafuta Bi Younge, mlezi wa zamani wa Georgiana aliyeshirikiana na Wickham, kuwapata watoro, kulipa madeni ya Wickham yaliyozidi pauni 1,000 na kumnunulia cheo jeshini, tunayapata kwa muhtasari tu, katika barua ya mke wa mjomba wa Elizabeth. Hapa una nafasi ya kuandika maonyesho kamili, lakini usimvike ushujaa: sababu aliyoitoa ni kwamba kiburi chake ndicho kilichomfanya aufiche uovu wa Wickham.

Kuhusu hakimiliki, Austen alifariki mwaka 1817, hivyo kazi yake ni huru kutumiwa. Kwa riwaya za karne ya 20 chunguza kwanza. Nchini Kenya, kwa mfano, ulinzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi.

Onyesho ninalolipenda zaidi ni lile ambalo Austen analitaja kwa maneno machache tu. Lady Catherine, ndugu wa mama yake Darcy, anatoka kwa akina Bennet akiwa amekasirika, anafika London na kumlalamikia mpwa wake kwamba binti yule amekataa kuahidi kuwa hataolewa naye. Darcy anamjua Elizabeth: angekuwa ameamua kumkataa kabisa, angelitamka wazi mbele ya bibi huyo. Inampasa asikilize malalamiko yote kwa adabu, uso ukiwa umetulia, huku kila shutuma ikimwongezea tumaini. Katika rasimu yangu mazungumzo hayo yamechukua kurasa nyingi kuliko posa ya pili, ambayo Austen mwenyewe aliisimulia kwa ufupi, nami sikuona sababu ya kuirefusha.